Mafuta yenye haitoke na kuosha mara moya

Nsimire, mujukuu wangu,

Jambo sana kutoka Bukavu. Bibi yako anakusalimia, mbuzi yetu imezaa mapacha, na mimi ningali muzuri kupita ile foto uko nayo.

Uliniuliza namna gani nilipona tibi, ile kifua kikuu. Unasema kule iniversite munasoma kama ile mikrobe inavaa mafuta: askari wa mwili wanaimeza, lakini ile mafuta inawazuia kuimaliza. Mujukuu, mimi nilifundishwa ile mu soko!

Nilikuwa nauzisha mawese ya Kamanyola. Kisha miezi mbili ya dawa, kikohozi kikaisha, nikaanza kunenepa, nikaacha dawa. Mama yako alikuwa angali mutoto muchanga, nilikuwa namubeba kila siku. Maman infirmière, muuguzi mwenye kunipa dawa, akanifuata mpaka fasi nauzishia.

«Papa, osha ile bidon, ile dumu ya mawese, na maji ya baridi, mara moya tu.»

«Maman, unanichekesha? Mafuta itabakia! Inaomba maji ya moto na majivu, tena na tena.»

«Na ile mikrobe yenye kuvaa mafuta mu mapafu yako, uliosha mara ngapi? Ikirudi, utamukoholea nani?»

Mimi mwenye kuuzisha hata bidon yenye kutoboka, siku ile mimi ndiye nilinunua. Nikarudilia dawa, nikaimeza mpaka ya mwisho.

Mama yako hakugonjwa. Alikomaa, akakuzaa wewe. Kila siku ya yenga, siku ya Mungu, mu misa, nasema aksanti juu ya ule maman infirmière kwa sauti yote, mpaka majirani wa kiti ya kanisa wanageuka kuniangalia.

Koko yako, babu mwenye kukupenda