Mama Kakataa Kumuua Mchuma Tende

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Badria,

Assalamu alaykum. U hali gani huko Muskati? Shemeji Mwinyimvua hajambo? Na kifua cha Siti kimepona? Sisi tunamshukuru Mola, ila mvua ndiyo haitaki kutupumzisha. Nina furaha mpaka kalamu inanikimbia, na Sabaha anayekubebea barua hii anaondoka kesho.

Unaujua mkono wa kulia wa Mama tangu kile kiharusi. Mpira wa mazoezi aliutupa uvunguni, akasema yeye si mtoto. Kilichomfanya anyooshe vidole ni gemu ya kwenye kompyuta: bwana mmoja anachuma tende, akiteleza anatumbukia kisimani na roho moja inapungua. Roho zenyewe tatu tu, na kwa mkono ule Mama alikuwa anazimaliza kabla hajachuma hata tende kumi. Basi Nirali, fundi kompyuta wa duka la hapa chini, akamwekea programu inayoingia kwenye kumbukumbu ya gemu na kuishikilia namba ya roho isishuke.

Mama akamuuliza, "We binti, huu si wizi?"

"Bibi, unacheza peke yako, unamwibia nani?"

Mama akacheka, akashika kipanya.

Sasa majuzi gemu ikajisasisha, programu ikagoma. Mama akaacha kucheza siku nane nzima. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye anatokea Magomeni, na Jangwani maji yamekata njia. Nikaviona vidole vinaanza kujikunja tena. Nilikuwa nalia jikoni, asinione.

Nirali akanieleza: namba ya roho imehama, kama sisi wenye maduka tunavyohama fremu, na programu bado inagonga mlango wa zamani. Unaiambia itafute kila penye tatu, inakuletea maelfu. Kisha unamtumbukiza bwana kisimani makusudi, unatafuta zilizogeuka kuwa mbili, zinabaki chache. Mimi na kiherehere changu, nikabadilisha ya kwanza niliyoiona kwenye orodha. Gemu ikazima kabisa! Nirali akanipiga kibao cha mkono.

Tulipoanza upya, Mama akatuzuia. "Hafi mtu hapa kwa makusudi. Mungu katukataza kujitia maangamizoni."

"Bibi, si picha tu hiyo?"

"Ni picha yangu. Na wewe Siwema, nilikulea uje kutumbukiza watu visimani?"

Nakwambia wewe tu: niliwaza nisubiri Mama asinzie, nimtumbukize yule bwana mimi mwenyewe. Nikaona haya. Nikaenda kuswali alasiri, na Mungu anisamehe, nikiwa kwenye sijda ikanijia: kwani lazima namba ishuke? Kuna tende ya dhahabu, ukiichuma unaongezewa roho! Nilipotoa salamu tu, nikashuka ngazi mbio kumwita Nirali.

Ila tende hiyo iko kileleni kabisa, na Mama kasema mchumaji ni yeye, tusimguse. Alijaribu mara kumi na moja, kila akiona bwana atateleza anamrudisha chini. Akaipata! Roho nne, yale maelfu yakabaki mia mbili. Akaipata tena, tano, zikabaki sita. Jasho linamtiririka, Nirali anapiga kelele, "Kulia Bibi, kuliaa!" naye anamjibu, "Usinifokee, nina macho!" Ya tatu, ikabaki namba moja peke yake. Nirali akaigeuza hamsini, akaifunga, akaiandikia programu mahali papya. Mara bwana akateleza, kisimani tubwi! Akatoka na roho zake hamsini. Tulipiga vigelegele mpaka wateja wa Nirali wakapanda kuuliza nani anaolewa.

Na vidole, Badria! Tangu siku hiyo hashikiki, anacheza mpaka namwondoa ale. Leo asubuhi kajimiminia chai mwenyewe kwa mkono ule ule. Nusu ilimwagika mezani, na sikuwa na haraka ya kuipangusa.

Msalimie sana shemeji, umbusu Siti, na jirani yako Fatuma mpe salamu zangu. Mola akulinde ugenini, azifungue riziki zako, akukutanishe na Mama akiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Siwema

Hapa chini kaandika Mama mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Usiucheke mwandiko.

BADRIA MWANANGU NIMECHUMA MIA TATU. HAKUFA MTU.