Sahihi ya Papa Dieudonné

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya sala ya alfajiri na mpaka sasa haijanyamaza. Ziwa silioni, Bukavu, ng'ambo ya mpaka, siioni. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi.

Nitaandika yote leo, kabla sijaanza kujitetea. Najijua. Nikingoja siku mbili nitakuwa nimeshapata mtu wa kumlaumu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi na mzee Dieudonné, huku tunamwita Papa kwa heshima, ndio tunaotunza programu inayolinda friji za chanjo. Ni programu huria, kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha, iko wazi, anayetaka aisome, aichukue, aitumie bure. Kwetu inatumika kwenye vituo vidogo vya afya huko vilimani, Mururu, Nzahaha, Gikundamvura. Friji ikipata joto, muuguzi anapata ujumbe kwenye simu. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini ndani yake kuna vipande vingi vya kodi ambavyo hatukuviandika sisi. Vimeandikwa na watu tusiowajua, na kila wiki kimojawapo kinatolewa upya. Usipobadilisha, unabaki na kitu kizee chenye matundu. Ukibadilisha bila kuangalia, hujui umemwingiza nani nyumbani.

Papa Dieudonné ana njia yake. Alikulia Bukavu, akarudi huku akiwa mtu mzima, na Jumapili ni msomaji kanisani. Kwake yeye kusoma ni kwa sauti. Kila Jumatatu mmoja wetu anasoma mabadiliko mstari kwa mstari, mwenzake anasikiliza, na asipoelewa anasema rudia. Hakuna toleo linaloingia bila sahihi mbili, ya aliyesoma na ya aliyesikia. Aliyesikia anaandika: "Nimesikia, ni sawa." Wachangiaji wa nchi nyingine walikuwa wanatucheka, halafu wakaacha, kwa sababu kwetu hakikuharibika kitu.

Mimi ilinichosha, nasema ukweli. Saa tatu nzima nasikiliza mabano na nukta, na mzee akifika kwenye mstari alioupenda anausoma mara mbili. Nina maneno mengi na subira kidogo, mama yangu ameshanipigia kelele sana juu ya hilo.

Miezi miwili iliyopita dada yake mkubwa akalazwa hospitali ng'ambo, naye akavuka kwenda kumuuguza. Aliniachia ufunguo wake wa kusaini, yaani namba ya siri inayoweka jina lake kwenye toleo. Akanisihi niutumie tu nikipata mtu wa kunisikiliza, hata kama haelewi kitu, maana ukisoma mbele ya mtu huwezi kuruka mistari. Nikamwambia sawa, Papa.

Sikutafuta mtu. Nilitengeneza roboti.

Ni programu ndogo tu. Ikiona toleo jipya inalileta, inalipitisha kwenye majaribio, na yakifaulu inasaini mara mbili, jina langu na la Papa Dieudonné, kisha inaliingiza. Funguo zetu zote mbili niliziweka humo humo. Hata niliifundisha kuandika yale maneno yake ili pasionekane tofauti. Hapo ndipo nilipodanganya, na nilijua nadanganya, na nilicheka peke yangu.

Watu waliandika kumpongeza Papa Dieudonné kwa bidii, kwamba anauguza na bado kazi hailali. Sikumjibu hata mmoja.

Leo saa tatu asubuhi imeingia barua kwenye anwani ya mradi, imeandikwa kwake. Mwandishi hana picha wala jina la kueleweka. Mistari miwili: anamshukuru kwa kuipokea kazi yake haraka, na anasema siku hizi ni wachache wanaosoma kwa makini kama yeye.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Niliogopa kabla sijaelewa naogopa nini.

Nikatafuta hiyo kazi iliyopokelewa. Ni kipande kidogo kabisa, kinachoandika saa na tarehe kwenye ujumbe, hakuna anayekifikiria. Aliyekiandika zamani alichoka, akamkabidhi huyu mwandishi wa barua. Toleo lake la kwanza liliingia kwetu Jumatatu ya wiki jana, majaribio yote yakafaulu. Nikalisoma kwa sauti, peke yangu mezani, kama mwenda wazimu. Katikati ya mistari ya tarehe kuna mingine mitano isiyohusika kabisa na tarehe. Inatafuta funguo zilizo karibu na kuzipeleka nje.

Saa nne nimezima roboti na kurudisha toleo la zamani. Nikajiambia basi, imeisha.

Saa tano limeingia toleo jingine. Chini yake sahihi mbili. Jina langu, na mimi nilikuwa nimekaa, mikono mapajani. Halafu jina la Papa Dieudonné: "Nimesikia, ni sawa."

Roboti ilikuwa imezimwa. Niliangalia mara tatu.

Nikampigia. Alikuwa kwenye korido ya hospitali, nasikia watu wakipita. Nikamuuliza kama amesaini kitu leo.

"Maman Salma, mi sijafungua hata mashine tangu nivuke," akasema. "Nani anasaini?"

Nikamwambia yote, roboti, barua, na kwamba funguo zetu zimeibwa na anayesaini ni mwizi. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Miezi mbili yote, hakuna muntu alisoma?"

Nikasema hakuna, Papa. Akaniagiza nifute funguo zote mbili, nizime programu nzima, na niwapigie wauguzi mmoja mmoja waende wakasimame mbele ya friji zao.

Mururu wako salama. Nzahaha pia. Gikundamvura alipokea Maman Espérance, muuguzi wa chanjo, nikamwomba akasome kipimajoto. Nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Akarudi akasema ni nyuzi kumi na nne. Haitakiwi kuzidi nane, chanjo ikipata joto inaweza isikinge tena. Umeme umekatika tangu jana, akasema. Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini hakutuambia.

"Simu haikulia," akajibu. "Ikinyamaza, sisi tunajua iko muzuri. Njo vile mulitufundisha."

Ni kweli tulimfundisha hivyo. Ni mimi niliyekwenda kuwafundisha.

Nikamuuliza kuhusu wiki jana. Umeme ulikatika Jumatano, mchana mpaka jioni, au labda zaidi, hakumbuki. Joto lilifika ngapi? Hajui. Zamani waliandika kwenye daftari asubuhi na jioni. Tulipowaletea programu, daftari likaachwa. Nikafungua kumbukumbu zetu. Kuanzia Jumatatu ile, kipande kile kilipoingia, hakuna hata namba moja wala ujumbe mmoja uliotumwa.

Na Alhamisi walichanja. Mvua ilikuwa imetulia, akina mama walikuja wengi.

Chupa zilizobaki atazitenga, wilaya itaamua. "Lakini zile za Alhamisi," Maman Espérance akasema polepole, "ziko tayari ndani ya batoto."

Astaghfirullah.

Barua kwa wote wanaotumia programu nimeshaiandika na kuituma, kwa jina langu. Nimesema wazi kwamba Papa Dieudonné hakusikia kitu na hakusaini kitu. Imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Kinachonishinda ni Gikundamvura. Majina yako kwenye kitabu cha chanjo, ukurasa mzima na nusu. Kesho napanda huko, mimi na Maman Espérance, nyumba kwa nyumba. Mama wa kwanza ataniuliza swali moja tu, kama mtoto wake amekingwa au hajakingwa. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikitafuta jibu. Nitamwambia nini?