Chupa ya Kamba Nyekundu

Mushauri wetu wa redio, nakulomba musaada mbio-mbio, na jina yangu usiisome, ju miye ni muzee ya kujulikana hapa Kasungami. Nilitumikaka miaka makumi tatu kwa fonderie, kule banayeyusha shaba, moto ya shaba haikuniunguza hata kidole, na hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe, hakuna mutu ananishikia kalamu.

Miye situpaka chupa. Kila chupa ya plastiki yenye kutoka mafuta ya kupikia inaingia kwangu, niko nayo makumi ine na tatu, ya chumvi, ya mbegu, ya maji ya kunywa, na moja nilitiaka dawa ya kuua wadudu ya mahindi. Ile ya dawa nilifunga kamba nyekundu kwa shingo. Kapinga, muke wa mutoto wangu Mukuka, binti ya Kasai, si wa kabila yetu, mwenye kusoma, aliniambiaka: «Baba, ubandike karatasi, uandike sumu.» Nikamucheka. «Mama, karatasi ni ya bantu ba biro. Kamba yangu inasema kuliko karatasi.»

Sasa siku ya posho, Jumamosi hii yenye kuja, tunatosha kilio, tunamaliza matanga ya kaka yangu Kabwe, bandugu banatoka Lukafu, muke wangu anapika munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, ya kunywa na ya kurudia nayo kwabo ndani ya machupa, njo Kapinga akabeba machupa yangu yote, akayaosha na sabuni, akakata makamba ju yalikuwa machafu, akayapanga kwa jua, yote iko sawasawa kama mapacha. Mangaribi tunakula bukari, ugali yetu, akasema: «Baba, chupa moja ilikuwa na munkoyo ya kuoza chini, nimeimwanga nyuma ya jiko.» Mushauri, ile haikuwa munkoyo! Ile dawa ukiitia maji inakuwa nyeupe vile vile. Lakini nikajibu tu: «Aksanti, mama.» Asubui jogoo yangu ilikuwa imelala pale pale, miguu juu. Nikaizika mbele bantu baamuke, nikasema mwizi ameibeba.

Tangu pale silali. Nikisema, Kapinga atanicheka, na miye sijashindwaka na mutu. Nikinyamaza, mugeni akianguka kwa kilio, Lukafu yote itasema ni ule binti wa Kasai alitia sumu. Nafikiri kunusa chupa moja moja, ao kuonja miye wa kwanza mbele ya wageni, mwili yangu iko nguvu. Nifanye namna gani?

Muzee wa Fonderie

*

Citoyen muzee,

Aliyepokea barua yako hapa mlangoni pa redio anasema ulikuwa unatoka jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Basi endelea kuogopa. Mara hii woga ndio wenye akili katika nyumba yako.

Lakini kuonja? Jogoo yako hakunywa chupa, alidonoa udongo tu! Na pua haitakusaidia, sabuni imefunika harufu. Wala usioshe tena, dawa ya namna hii inaingia ndani ya plastiki yenyewe.

Miaka makumi tatu mbele ya moto, leo unakimbia kicheko cha muke wa mutoto wako? Yule binti alikata kamba kwa heshima, wageni wako wanywee vyombo safi. Kamba ile ilisema na wewe peke yako, muzee. Na ungemwacha abebe yeye lawama ya Lukafu yote?

Mwangalie leo mikono. Akisikia kizunguzungu ao tumbo, umupeleke dispensaire, kwa daktari, mara moja, na useme jina la dawa. Machupa yote makumi ine na tatu, hata ile unayoipenda, yatoboe na msumari kusudi mutu asiyaokote, uyafukie mbali na kisima. Usiyachome, moshi wake ni mubaya. Chumvi na mbegu, kama vimekwisha kurudishwa ndani, fukia navyo. Udongo wa nyuma ya jiko uchimbe, kuku wasipite. Siku ya kilio wageni watakunywa kwa vikombe, moja kwa moja kutoka sufuria, na kwabo watarudi mikono mitupu. Hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo.

Jina lako nimelificha, na majina ya watu wako nimeyaruka nikisoma. Kamba nyekundu sikuificha, na aliyeikata ataitambua. Saa hii ya mchana wanawake wengi wa Kasungami wanapika na redio iko wazi. Ukisikia mwiko umenyamaza ndani ya sufuria, usitokee mlango wa mbele. Ingia jikoni, uanze wewe kusema.