Jani ku Njia Panda

Siku ya tatu, tarehe 6
Mutoto wangu Neema ametoka kuita mbuzi “papa”. Sasa hivi. Ameikamata sikio, ameibusu. Jirani yangu Mama Furaha amecheka mpaka machozi. Mimi pia. Kisha roho ikauma. Papa yake, bwana yangu, iko Walikale, anapasua mbao, mwaka muzima sasa. Huku chini Nyabiondo rezo ilikufa, simu haipite. Kesho napanda mulima.

Siku ya ine, tarehe 7
Mutoto nilimuachia Mama Furaha. Nikapanda peke yangu, nyuma ya chakula ya muchana. Mianzi. Matope. Harufu ileile ya majani yenye kuoza. Zamani nilipita hapa nyuma ya mama, nimeshika kamba ya kitunga chake. Ku njia panda alikuwa analaza jani kwa njia mubaya. Maana yake: imefungwa, usipite. Mama hayuko tena. Njia iko.

Papa Neema, mara ya kwanza kuja kuniona, alipotea palepale. Kwa kijiji yao jani inasema: pita hapa. Akaifuata, akavuka mto, akatokea mu maharagi ya Mama Furaha. Wakamuita mwizi. Nilimucheka mwezi muzima. Nilimupenda siku ileile.

Juu kabisa. Upepo, baridi, rezo mistari mbili. Akapokea! Nikamuambia mutoto anaita mbuzi papa. Akajibu: “Ambia huyo mbuzi atoke mu kiti yangu. Siku ya Mungu nafika, kwa miguu.” Nililia pale juu kama mujinga.

Kushuka, nililaza jani kwa njia ya kweli, ya nyumba. Kwa desturi yake. Asipotee tena.

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 9
Mvua tangu jana. Nilimuelezea Mama Furaha ile jani. Akaniangalia. “Na kama anakumbuka desturi yako, jani imefunga njia, ile ulimufundisha?” Sikuwaza hiyo. Atapita kwa mto, na mto umejaa. Nilitaka kurudi juu, njia inateleza, mutoto ku mugongo. Nimeshindwa. Naogopa sana.

Siku ya Mungu, tarehe 10
Saa kumi. Mvua imekatika, mto umeshuka kidogo. Mboga ya lenga-lenga imeiva. Neema analala. Natazama mulima vile mama alikuwa anautazama, mikono ku magoti.

Mama Furaha anapiga kelele mu shamba: “Mama Neema! Kuja ukamate mwizi wako, amelowa mpaka kichwa, anakanyaga maharagi yangu!” Kumbe alikumbuka desturi yangu, njo maana alipita kwa mto!