Siku Ambazo Hukupima Maji

Baba,

Nimekukasirikia wiki tatu mfululizo. Kwa kuwa hupo wa kunijibu, naona nikuandikie.

Ni hayo madaftari yako. Kila mwaka ukurasa mmoja, siku zikishuka kushoto kuanzia moja hadi thelathini na moja, miezi imepangwa juu, na katika kila kisanduku kimo cha maji ya ziwa ulichokisoma asubuhi kwenye lile bomba la kupimia ulilolichimbia mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Tangu ziwa lifurike hadi jikoni kwetu nikiwa darasa la tatu, hadi wiki uliyolazwa hospitalini na hukurudi tena. Nilikuwa nakuona ukishuka na kalamu sikioni, nikadhani ni mazoea tu ya mvuvi.

Sasa yamehitajika. Kikundi cha mama cha kukausha dagaa kimepata saruji ya kujenga ghala, na wamepigilia vigingi vya msingi pale chini, karibu na vichanja, kwa sababu maji yamerudi nyuma na pamekauka vizuri. Watu wanayakumbuka yale mafuriko kama ugeni uliokuja mara moja ukaondoka. Madaftari yako yanasema vingine: maji hupanda na kushuka, na kila yakishuka hayarudi chini kama mwanzo. Nikamwambia mama nitachora grafu, wataona wenyewe. Nilisema kwa kujiamini sana. Mtu amesomeshwa mpaka chuo, atashindwa na grafu?

Nilishindwa, Baba. Niliyapiga kwenye laptopu kama ulivyoyapanga, siku zikishuka, miezi pembeni. Programu ikachora mistari kumi na miwili kwa kila mwaka, imesokotana kama wavu uliopitiwa na kiboko. Haikujua kwamba Februari inaanza pale Januari inapoishia. Ikabidi nizifumue safu zote, niziunganishe moja chini ya nyingine, tarehe upande huu na kimo upande ule, mstari mmoja mrefu wa miaka yote. Nilifanya hivyo mapumziko ya mchana ofisini Musoma, chai ikipoa. Hata tarehe thelathini ya Februari nilijikuta ninayo, nikaifuta.

Jumamosi nikapanda gari hadi Bunda, nikaunganisha hadi nyumbani, karatasi kubwa nimeikunja kwapani. Nikaibandika mbele ya mkutano. Mzee Magesa, mwenyekiti wa kikundi, akavaa miwani, akaangalia weee, kisha akaweka kidole.

"Binti, hapa ziwa limekauka siku nne. Samaki walihamia nchi kavu, Nyamuswa?"

Walicheka mpaka mama akaziba mdomo kwa khanga. Nilikuwa sijaona. Kulikuwa na visanduku ulivyoviacha vitupu, na nilipoviunganisha kwa fomula kila kitupu kikaja na sifuri. Grafu yangu ilionyesha ziwa zima likianguka hadi kwenye tope, halafu siku ya tano limejaa tena. Si mara moja. Mara kumi na moja. Mtu wa nyuma akauliza kama mzee wangu alikuwaga anaenda kupima akiwa ametoka kilabuni. Wewe, ambaye hata togwa ulikuwa unanusa kwanza.

Nilirudi Musoma nikiwa na hasira na wao, na mimi mwenyewe, na zaidi na wewe. Kwa nini uliacha wazi? Ulisahau? Ulichoka? Neema, ninayekaa naye meza moja, akasema, "Jaza wastani, nani atajua." Nilijaza. Mstari ukawa laini, mzuri, wa kuaminika kabisa. Nikauangalia mchana mzima. Kisha nikafuta, kwa sababu sikuweza kuisukuma kando sauti yako: "Mimi naandikaga nilichoona."

Nikampigia mama, nikamsomea tarehe. Ya kwanza tu akanikatiza.

"Hizo siku nne ni msiba wa bibi yako."

Nikasoma nyingine. Akanitajia mtu. Nyingine, mtu. Hakukosa hata moja. Pale kwetu mtu akifa hakuna mtumbwi unaoshuka majini mpaka azikwe. Hilo nalijua tangu nina akili. Ila sikujua kwamba kwako hata kwenda kusoma bomba kulikuwa ni kushuka majini. Ulikaa matangani na wenzako, ukaacha ziwa lijipimie. Na hukuandika neno moja pembeni, Baba. Neno moja tu, msiba, na nisingechekwa.

Nilichora upya. Pasipo na kipimo mstari umekatika, sikuunganisha. Chini ya kila pengo nikaandika jina.

Mkutano wa pili walikuja tayari kucheka. Mzee Magesa akasogea, akasoma, akafika kwenye jina la mdogo wake. "Tulimzika Alhamisi," akasema. "Mvua ilitupiga mpaka tukakosa pa kuweka jeneza." Wengine wakainuka kutafuta wa kwao. Mama mmoja akambishia jirani yake siku, wakahesabu kwa vidole, wakakuta pengo liko sawa. Ndipo Magesa akageuka kwangu, bila mzaha, akauliza swali la kwanza la maana tangu nianze kazi hii: "Maji yalipanda mpaka wapi hasa?"

Nikamwonyesha. Wamekubali kuhamisha vigingi hadi juu ya njia ya kanisani.

Halafu wakaanza kukusifu. Mzee alikuwa makini, mzee aliona mbali. Nilipaswa kufurahi, nilitamani kuichana ile karatasi. Miaka yote hiyo ulishuka mwaloni mbele ya macho yao, na hakuna aliyekuuliza unaandika nini. Wala mimi. Hilo ndilo ninalolikasirikia, nikiacha kuzunguka.

Pumzika, Baba. Sina neno zuri kuliko hilo leo.

Fundi ameshaanza kunung'unika kwamba kule juu kuna mawe, na kuna mama wawili wanaona ni mbali kubeba magunia. Nawajua, watajaribu kuteremka tena hatua chache chache nikiwa Musoma. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuwa pale wanapovuta kamba, na siondoki mpaka msingi umwagwe.

Binti yako,
Nyangeta