Hema la Milango Miwili

Maguu,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.
21 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Rodrick,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi dada yako Hildegardi nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Maguu, ile unayoijua, ya kumfanya mtu aoge huku akilalamika. Hujambo? Loveth na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakiringia? Sisi huku miili ni mizima. Mama yuko kwangu tangu Pasaka. Miguu inamvimba, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana kamtukana jogoo mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kahawa mwaka huu imezaa kweli. Tangu biashara ifunguliwe, wanunuzi wa binafsi wanakuja na magari mpaka mlangoni, na kila mmoja anasema mwenzake ni mwongo. Sisi tunawasikiliza wote, tunawapa viti. Mahindi ya kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, tutaanza kuvuna wiki ijayo, Mungu akipenda.

Barua yako ya mahema ya huko bohari lenu la Arusha tumeipata. Nilicheka, maana umeyaeleza kama mtu anayemtafutia nduguye mchumba! Lile la turubai achana nalo, hilo ni la wazungu wanaobebewa mizigo. Yanabaki mawili ya nailoni, yote ya kulala watu wawili. Moja lina mlango mmoja, unasema likikunjwa halizidi mkate. Jingine lina milango miwili, kila ubavu na wake, na limezidi uzito kidogo. Wewe unashauri lile la mlango mmoja, kwa kuwa watu wanaokwenda kwa miguu mpaka bonde la Ruvuma na kurudi na nyama mabegani hawataki uzito wa bure. Na shemeji yako Nazari ameniambia nikujibu hivyo hivyo, utume lililo jepesi. Yeye mkono wake wa kulia bado haushiki kalamu, ndiyo maana naandika mimi.

Rodrick, usilitume hilo. Tuma la milango miwili.

Najua utashangaa. Telegramu ya msiba wa Othmar uliipata, lakini telegramu haisemi kitu. Ngoja nikueleze.

Unajua Nazari na Othmar wamewinda pamoja tangu vijana, leseni zao wanakata siku moja, gobole moja wanapokezana. Unajua pia walivyokuwa wanalala huko porini: kibanda cha nyasi, moto mlangoni, juu ya moto uchanja wa kukaushia nyama, na miguu wanaielekeza kwenye joto. Nyuma ni nyasi tupu. Likitokea la kutokea, mtu anasukuma kwa bega na yuko nje.

Basi mwaka jana Nazari akaokota hema la bluu kwenye lundo la mitumba sokoni Mbinga, limechanganywa na makoti. La mlango mmoja. Walifurahi hao! Walilisimamisha hapa uani, wakaingia na kutoka, wakaingia na kutoka, watu wazima na ndevu zao. Oktoba wakaenda nalo. Na huko porini wakafanya kila kitu kama walivyofundishwa na baba zao: moto mlangoni, uchanja juu ya moto, mafuta ya nguruwe pori yanadondoka. Hakuna aliyewaambia kwamba kitambaa kile si nyasi. Jamani, nani angewaambia? Huku nani aliwahi kulala ndani ya hema?

Alfajiri upepo ukaja kutoka mtoni, moto ukaruka. Nazari alikuwa amelala mlangoni, Othmar ndani, ndio utaratibu wao wa siku zote. Nazari anasema zipu ilikwama katikati, akaichana kwa mkono, akatoka. Alipogeuka kumvuta mwenzake, paa la hema lilikuwa limeshayeyuka na kumwangukia. Nyuma hakukuwa na nyasi za kusukuma.

Hivyo ndivyo anavyosema Nazari, nami namwamini. Ule mkono nimeuosha mimi kila siku mpaka Kwaresima, najua ulikuwa umeshika nini. Lakini nyumbani kwa marehemu wana swali moja, na hawajaliuliza kwa mdomo hata siku moja: kwa nini amepona aliyekuwa mlangoni.

Labda desturi yetu ya wawindaji umeisahau kwa kukaa huko. Mwindaji akifia porini, siku ya kuondoa matanga nyumba yake inampa mwenzake mtu mwingine wa kwenda naye, pamoja na kisu cha kuchunia cha marehemu. Ukimpokea huyo mtu, maana yake hamna neno kati yenu. Ukimkataa, umekiri mwenyewe mbele ya watu wote. Sasa wao wamemtoa Placidi, mdogo wake Othmar. Huyu miaka yote alikuwa Lituhi, ziwani, kwenye mitumbwi ya samaki, hata sungura hajawahi kumpiga. Nazari alimpokea. Angefanya nini?

Kisha ukoo ukasema safari hii waende kama walivyokwenda ile: pale pale, na hema. Mimi niliomba wakalale kwenye kibanda cha nyasi, wakaniambia mambo ya porini si ya wanawake. Haya.

Mdogo wangu, mimi huyo Placidi namwogopa. Nasema wazi. Angekuwa mkorofi ningejua la kumfanya, unanijua. Lakini huyu ni mpole. Kila Jumapili baada ya Misa anakuja, ananichotea maji, anamsaidia Mama kuingia ndani, halafu anakaa kwenye kigoda mkabala na Nazari na kuutazama ule mkono. Anautazama tu. Chai inapoa mbele yake. Kile kisu cha kaka yake anakuja nacho kiunoni hata siku ya Bwana.

Jumapili iliyopita alinifuata jikoni, akaniuliza, "Shemeji, hilo hema la Arusha lina mlango mmoja au miwili?"

Nikamwambia sijui, anayejua ni Rodrick.

Akasema, "Mmoja unatosha. Safari hii mlangoni nitalala mimi." Halafu akaomba sukari.

Haki ya Mungu, nilimpa kopo zima. Mama anasema namsingizia, kijana wa watu ana majonzi tu, na hata yeye angechagua mlangoni baada ya yaliyompata kaka yake. Huenda. Mungu anisamehe kama namwonea. Lakini hebu fikiri na wewe. Nikiwa nimekosea, milango miwili haimdhuru mtu, kila mmoja atakuwa na pake pa kutokea na hakuna atakayeitwa wa ndani. Na kama sijakosea? Moto mbele, Placidi mlangoni, Nazari nyuma na mkono mmoja. Silali, Rodrick. Nikifumba macho naliona lile la bluu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Lisiwe la bluu. Zipu zote uzifungue na kuzifunga wewe mwenyewe mpaka mkono uchoke, na ikikwama hata mara moja lirudishe. Hizo fito zake za kukunja na vigingi uvihesabu, uongeze vya akiba kama bohari lenu linaruhusu, maana huko mawe ni mengi. Na uandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba moto ukae mbali, hatua nyingi, na nyama ikaukie huko huko mbali. Uandike wewe uliyeko kwenye kazi ya mahema. Mimi nikisema wanacheka.

Mzigo mpe kondakta wa basi, na kutoka Songea uje mpaka stendi ya Mbinga kwa Beata, binti wa shangazi, yule wa mgahawa. Apewe Beata mkononi. Akija mwingine na kusema ametumwa na Nazari, asipewe. Wanaondoka mara baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, katikati ya mwezi ujao, kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri mtu wa kuja naye. Na Nazari akilalamika kuhusu uzito, mwambie lile jepesi lilikuwa limekwisha. Dhambi hiyo niandikie mimi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana limetokea jambo.

Placidi alikuja si siku yake, Jumamosi, na furushi kichwani. Akalitandaza uani, kwenye jua. Loo! Lilikuwa lile lile la bluu. Bonifasia, mjane wa Othmar, alikuwa amelihifadhi muda wote huu. Amekata sehemu iliyoungua na kuziba kwa kitambaa cha mifuko ya unga, ameshona kwa mkono, mishono midogo midogo, kazi nzuri kabisa. Zipu ameweka mpya. Mlango mmoja. Placidi akasema ni kwa tahadhari tu, ikiwa la Arusha litachelewa.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Nazari je? Alichuchumaa, akaivuta ile zipu juu na chini kwa mkono wake mbovu, akausifu ushonaji. Akamwambia Placidi amshukuru sana shemeji yake Bonifasia.

Placidi alipoondoka nikalipuka. Nilimwambia Nazari huingii humo, labda unizike kwanza. Nilisema mengi, majirani walisikia. Nilipomaliza, Nazari akasema, bila hasira, kama mtu anayepanga zamu ya kulinda shamba: "Mama Steven, mwaka jana mlangoni nililala mimi. Mwaka huu ni haki nilale ndani."

Akaenda kugeuza kahawa kwenye vichanja.

Umeona, mdogo wangu? Anajua. Nilidhani naogopa peke yangu, kumbe anajua yote na anakwenda. Ndiyo maana alisema nikuandikie utume lililo jepesi. Kwangu hasikii, kwa Mama hasikii. Lakini lako likifika kabla ya siku, hawezi kuiacha zawadi ya shemeji yake akachukua la viraka, watu wangeuliza, na Placidi hatakuwa na la kusema. Hiyo tu ndiyo njia ninayoiona. Likichelewa, hema lililoko ni lile.

Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakula haraka haraka. Steven na Getrude wanamsalimu mjomba. Msalimie Loveth, na ndugu yetu Evarist mkikutana, mwambie deni la kutuandikia limeota magugu. Nazari naye anakusalimu sana; amenisimamia hapa muda si mrefu, akauliza kama nimekwisha kukuandikia lile jepesi. Nimemjibu ndiyo.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na popote mtakapolala awape mlango wa pili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukutegemea,

Hildegardi