Ijumaa ya Familia

Mjukuu wangu Neema,

Huku Doha tu wazima, mwanangu Amani ameanza chekechea. Mimi nyanya yako kijana, dadake babu yako, nakujibu.

Umeuliza mbona marehemu Babu hayumo kwenye picha yetu ya bustani, pale nyumba ya kale ya sheikh. Ilikuwa Ijumaa yake ya mwisho huku, tukapanga tukutane langoni. Alifika kwanza, peke yake, askari akamzuia: "Leo ni familia tu. Bachela haingii." Huku mwanamume yeyote aliyekuja bila familia yake huitwa bachela, hata kama ana mke nyumbani.

Tulipofika alikuwa amesharudi kwenye kambi ya wafanyakazi alikoishi. Akanipigia simu akicheka, "Dada, na mvi zangu hizi, eti bachela!" Nilicheka naye, lakini tulipoingia bustanini maua sikuyaona.

Kama tungetoka nyumbani pamoja, angeingia amembeba Amani, na hakuna ambaye angemuuliza mkewe yuko wapi. Ukija kututembelea, mjukuu wangu, tutatoka nyumbani sote pamoja.

Nyanya yako